Njia Inayopita Katika Shamba la Duke

Aliyesoma historia katika shule ya upili nchini Kenya hawezi kulisahau jina la Devonshire. Tulikaririshwa: Waraka wa Devonshire, Julai 1923, serikali ya Uingereza yatamka kuwa Kenya ni nchi ya Waafrika na kwamba maslahi yao yatatangulia ya Wazungu na ya Wahindi. Mwalimu alisoma, tukaandika, mtihani ukaja tukajibu. Devonshire mwenyewe alikuwa nani, na alikuwa akirudi kulala wapi baada ya kuamua mambo ya nchi za watu, hilo halikuwa kwenye silabasi. Nilikuja kulijua nilipohamia Sheffield kwa kazi ya uuguzi. Makao ya ukoo wake, jumba la Chatsworth, yako karibu kiasi kwamba unapanda basi asubuhi na kurudi jioni ukapike. Na ukitaka kufika huko kwa miguu, kama watu walivyofika kwa karne nyingi, unaanzia katika mji wa soko uitwao Bakewell.

Kwa hiyo mama alipokuja kunitembelea kutoka Molo, London ilisubiri. Nilimpeleka Bakewell kwanza, na nilichagua Jumatatu.

Jumatatu ndiyo siku ya soko. Watalii wengi huja mwishoni mwa juma, wakala, wakapiga picha, wakaondoka bila kujua ni nini kilichouweka mji huu hapa. Soko lilianza karne ya 13, na hadi leo wafugaji wa vilima vya Derbyshire wanashusha mifugo yao siku hiyo. Mji wenyewe ni mdogo. Ukitembea polepole unaumaliza kwa asubuhi moja. Nyumba ni za mawe ya rangi ya hudhurungi. Mto Wye unapita chini ya daraja la matao matano lililosimama tangu miaka ya 1300 hivi, na magari bado yanapita juu yake. Ukiinama ukingoni unawaona samaki wakubwa wa trout wakikaa palepale majini, mikia ikipiga dhidi ya mkondo. Kanisa liko juu mlimani, na uani kwake kuna misalaba ya mawe iliyochongwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, michongo yake imelika kwa mvua lakini bado inasomeka.

Kuhusu pudini ya Bakewell nitasema machache: ni ganda la unga lenye matabaka, jemu chini, juu yake mchanganyiko wa mayai, siagi, sukari na lozi. Maduka zaidi ya moja yanadai kuwa na mapishi ya asili. Mama alionja, akasema sukari imezidi, tukaendelea na safari.

Soko la mifugo liko ng'ambo ya mto, katika jengo kubwa la kisasa. Ndani kuna uwanja mdogo wa mviringo, wakulima wamekaa kwenye ngazi za viti kuuzunguka, na dalali yuko juu kwenye kizimba chake akitaja bei kwa kasi ambayo sikio la mgeni halishiki. Wanunuzi hawapazi sauti. Huyu anainua kidole, yule anatikisa kichwa kidogo tu, na kundi la kondoo limeshauzwa, jingine linaingizwa. Nyuma ya uwanja ni mazizi ya vyuma, safu kwa safu.

Humo mazizini mama hakuhitaji mkalimani. Amefuga kondoo maisha yake yote, na Molo inasifika Kenya nzima kwa nyama ya kondoo. Mzee mmoja mfugaji aliona jinsi alivyokuwa akiwatazama kondoo wake, miguu kwanza, kisha meno, akamkaribisha kwa ishara ya mkono. Mama akaweka kiganja mgongoni mwa kondoo jike, nyuma ya mbavu ya mwisho, akabonyeza kwa vidole kupitia manyoya mpaka akaufikia mfupa. Akaniambia, "Mwambie huyu amenyonyesha mapacha, mgongo umekwisha. Ampe mwezi mzima wa majani mazuri kabla ya kumpandisha." Nikatafsiri. Mzee akacheka kwa furaha, akasema ni kweli, alizaa mapacha majira ya kuchipua. Kisha akataka kujua mama alijifunzia wapi.

"Kwa baba yangu," mama akajibu, "naye alijifunzia kwa kondoo wa Mzungu."

Nilitafsiri hivyo hivyo. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza huyo Mzungu alikuwa na kondoo wa aina gani, na mazungumzo yakachukua muda mrefu.

Babu yangu alikuwa skwota. Kwa wasiolijua neno hilo: nyanda za juu za Kenya zilipotengwa kwa ajili ya Wazungu, Mwafrika aliruhusiwa kuishi humo kama kibarua tu. Sheria ya 1918 ilimtaka amfanyie kazi mwenye shamba siku 180 kwa mwaka, na shingoni alining'iniza kipande, kitambulisho chake, ndani ya kikasha cha bati. Mama alizaliwa katika shamba la namna hiyo. Alikua akijua ni wapi mtoto anaweza kukanyaga na ni wapi atafukuzwa na mbwa.

Tangu siku ile namwambia kila anayetaka kuyaona majumba ya mabwanyenye wa Uingereza aanzie sokoni. Ukianza na jumba utaona dhahabu, zulia na picha za ukutani, na utadhani vilishuka kutoka mbinguni. Ukianza sokoni unamwona mkulima, unamwona mnyama, unaiona nyasi, na unapofika kwenye jumba unajua kodi ya wapangaji ndiyo iliyolijenga, pamoja na madini ya risasi na shaba yaliyochimbwa chini ya vilima hivi.

Majumba makubwa karibu na Bakewell ni mawili, na yamesimama kwa sababu tofauti. Haddon liko mwendo mfupi kusini, nalo ndilo lililonigusa zaidi kwa macho. Ni la zama za kati, na halikubadilishwa kwa kuwa wenyewe, akina Duke wa Rutland (Duke ni cheo cha juu cha mabwanyenye wa Uingereza), walihamia kasri lao la Belvoir wakaliacha bila kukaliwa kwa karibu miaka 200. Ngazi za mawe zimelika katikati kwa nyayo, sakafu za mbao zimepinda. Katika ukumbi wa kulia chakula kuna pingu ya chuma ukutani: inasimuliwa kwamba mgeni aliyekataa kumaliza kinywaji chake alifungwa mkono pale, kinywaji kikamiminwa ndani ya mkono wa nguo yake.

Lakini kitu cha Haddon ambacho sijaacha kukifikiria kiko chini ya ardhi. Katika miaka ya 1860 reli ilipokuwa ikijengwa kuelekea Bakewell, Duke wa Rutland hakutaka treni ionekane kutoka jumbani, ingawa hakuna aliyekuwa akiishi humo. Ikachimbwa handaki yenye urefu wa karibu kilomita moja ili mandhari isiharibike. Nikawaza ile reli ya kutoka Mombasa kwenda ziwani, jinsi ilivyopasua malisho na makaburi ya watu bila kumuuliza yeyote. Huku reli ilizikwa ardhini kwa ajili ya mandhari ya nyumba tupu.

Chatsworth tulikwenda kwa miguu. Kutoka Bakewell ni kama kilomita tano kuvuka kilima, na mwanzo wake ni mkali, kwa hiyo tulikwenda kwa hatua ya mama. Njia hiyo ni ya umma. Inapita katikati ya mashamba ya watu, na mwenye shamba hana ruhusa ya kuifunga. Mashamba yamezungushiwa kuta za mawe zilizopangwa bila saruji. Nyingi zilijengwa katika karne ya 18 na ya 19, wakati Bunge lilipopitisha sheria moja baada ya nyingine za kuyagawa malisho ya pamoja na kuyafanya mali ya watu binafsi. Pale njia inapokutana na ukuta kumeachwa upenyo kati ya mawe mawili yaliyosimamishwa wima, mwembamba kiasi kwamba mtu anapita kwa ubavu na kondoo hapiti. Mawe hayo yamelainika kwa kusuguliwa na mapaja ya wapitaji. Mama alisimama hapo akauliza mara mbili kama kweli tunaruhusiwa. Nikamwonyesha kibao. Akapita, lakini alikuwa akigeuka nyuma kuangalia kama mbwa anakuja.

Ukishuka upande wa pili unafika Edensor, kijiji cha ajabu kidogo, kila nyumba na mtindo wake, hakuna inayofanana na jirani yake. Uzuri huo una historia. Kijiji cha zamani kilikuwa karibu zaidi na mto, mahali kinapoonekana kutoka jumbani, na Duke wa 6 wa Devonshire hakukitaka machoni pake. Kati ya 1838 na 1842 kilibomolewa, wakazi wakahamishiwa nyuma ya kilima. Nyumba moja tu ya zamani ndiyo iliyoachwa, na bado iko peke yake ng'ambo ya barabara. Ni haki kusema kwamba nyumba mpya zilikuwa bora kuliko zile za kwanza. Lakini kuhamishwa ni kuhamishwa. Mama, ambaye familia yake ilihamishwa zaidi ya mara moja, alikaa kwenye benchi la kanisa akaniambia, "Kumbe walianza na wao kwa wao."

Sijasikia msomi akilieleza jambo hili vizuri kuliko hivyo. Tulizoea kufikiri kwamba kuwaondoa watu kwenye ardhi ni jambo lililobuniwa kwa ajili yetu, kwa sababu ya rangi yetu. Rangi iliongeza ukatili, hilo halina mjadala. Ila mbinu zenyewe, sheria ya kuzungushia ukuta, hati ya kumiliki, kuhamisha kijiji na kumgeuza mwenye malisho kuwa kibarua, zilikuwa zimeshajaribiwa hapa, kwa wakulima wa Kiingereza, kabla hazijapakiwa melini.

Katika makaburi ya Edensor amelala pia Kathleen Kennedy, dada yake Rais Kennedy, aliyeolewa katika ukoo wa Devonshire mwaka 1944 na kufiwa na mumewe vitani baada ya miezi michache. Rais mwenyewe alikuja kuzuru kaburi hilo Juni 1963. Mama, wa kizazi kilichoona vijana wa Kenya wakipandishwa ndege kwenda kusoma Marekani kwa msaada wa akina Kennedy, aliweka ua.

Jumba la Chatsworth lenyewe linaelezwa kila mahali, kwa hiyo nitalipita haraka. Ukoo wa Cavendish, ndio wenye cheo cha Duke wa Devonshire, ulinunua ardhi hii mwaka 1549, na jumba tunaloliona leo lilijengwa upya kuanzia 1687. Vyumba ni zaidi ya 100. Kiingilio cha ndani si rahisi; viwanja vya nje, vyenye kondoo na paa wakilisha, ni bure kwa anayekuja kwa miguu, na nawashauri wenye bajeti ndogo wakae huko bila kujisikia wamekosa kitu.

Kilichomshika mama ni maji. Katika bwawa refu mbele ya jumba kuna chemchemi iliyojengwa mwaka 1844, inayoweza kurusha maji juu kuliko mnazi mrefu, na mama alitaka kujua pampu iko wapi. Hakuna pampu. Juu mlimani, nyuma ya miti, kulichimbwa ziwa zima, maji yanateremka kwa bomba na uzito wake wenyewe ndio unaoyarusha. Mama alitazama mlima, akatazama maji, akaanza kuuliza kuhusu upana wa bomba, maana kwetu chemchemi iko juu ya shamba na bado tunabeba maji kwa ndoo.

Aliyechora mpango huo ni Joseph Paxton, mtoto wa mkulima, aliyefanywa mkuu wa bustani mwaka 1826 akiwa na umri wa miaka 22. Ndiye aliyepata mgomba uliotoka Mauritius, akaupanda katika nyumba ya vioo yenye joto, ukachanua Novemba 1835 na mwaka uliofuata ukazaa. Uliitwa Cavendish, jina la ukoo wa bwana wake. Ugonjwa ulipoiangamiza aina ya Gros Michel katika mashamba makubwa ya biashara katikati ya karne ya 20, Cavendish ndiyo iliyochukua nafasi yake, na leo karibu kila ndizi unayoikuta katika maduka makubwa ya Ulaya ni ya ukoo huo. Grand Nain na Williams, ile miche ya maabara wanayopanda wakulima wetu wa mlimani nchini Kenya, nazo ni Cavendish. Mama ana migomba ya Williams nyuma ya nyumba ya dada yake Murang'a. Aliposikia hayo alitaka kuonyeshwa mahali iliposimama nyumba kubwa ya vioo ambayo Paxton aliijenga baadaye. Haipo. Ilibomolewa mwaka 1920, imebaki misingi ya mawe tu, na bustani imepandwa ndani yake.

Aliyeibomoa ni Victor Cavendish, Duke wa 9, na huyu ndiye Devonshire wetu. Alikuwa Waziri wa Makoloni tangu 1922 hadi Januari 1924. Waraka wake wa 1923 ulitolewa wakati Wahindi wa Kenya wakidai haki sawa na masetla wakitishia kuasi. Uliwapa Wahindi viti vitano katika Baraza la Kutunga Sheria. Ulisema maslahi ya Mwafrika yatatangulia, lakini Mwafrika hakupewa hata kiti kimoja. Mmishonari Mzungu ndiye aliyeteuliwa kusema kwa niaba yake, na Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza, hakuingia mpaka 1944. Na nyanda za juu zikabaki za Wazungu. Molo ikabaki ya Wazungu. Nilimsomea mama hayo kwenye simu, tumekaa kwenye nyasi za mtu huyo huyo.

Kuna jambo la pili kumhusu ambalo vitabu vyetu havikulitaja. Kaskazini-magharibi mwa Chatsworth kuna nyanda za Kinder Scout, ambazo sehemu yake kubwa alikuwa akiimiliki kwa ajili ya kuwinda ndege. Wafanyakazi wa viwanda vya Manchester na Sheffield, waliovuta moshi juma zima, hawakuruhusiwa kupanda huko kupumua. Walinzi wenye marungu waliwarudisha. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia yao, wakiongozwa na kijana aitwaye Benny Rothman, walipanda kwa makusudi, wakijua hawaruhusiwi. Watano walifungwa jela, kati ya miezi miwili na sita. Lakini kelele hazikunyamaza. Mwaka 1949 Bunge lilipitisha sheria ya hifadhi za taifa, na mwaka 1951 Peak District, yenye Bakewell katikati yake, ikawa ya kwanza nchini. Mwaka 2002, miaka 70 baada ya tukio, mjukuu wa Victor, Duke wa 11, alisimama mbele ya watembeaji akawaomba radhi hadharani, akasema yaliyotendeka yalikuwa aibu kubwa kwa ukoo wake.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Aliomba radhi kwa watembeaji. Sisi je?"

Nikamkumbusha Juni 2013, serikali ya Uingereza iliposema inasikitishwa na mateso ya wakati wa Mau Mau na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa waathiriwa 5,228.

"Hiyo ni ya mateso," akasema. "Mimi nauliza ardhi."

Sikuwa na jibu, naye alijua. Uhuru ulipokaribia, serikali ilianza kununua mashamba ya masetla kwa fedha za mikopo na kuyagawa kwa Waafrika, ambao nao walitakiwa kulipa. Babu alipata ekari chache ndani ya shamba lile lile alilochunga, akazilipia mwaka baada ya mwaka. Alinunua mahali alipokuwa ameishi.

Wako watakaosema kwamba nilimharibia mama matembezi kwa mambo ya kale. Sivyo alivyoona yeye. Alikula vizuri, aliwapigia simu ndugu zake kuwaeleza maji yanayopanda bila pampu, na tuliporudi Bakewell kupitia njia ile ile ya umma, alipita katika upenyo wa ukuta bila kugeuka nyuma. Kilichomuudhi ni kwamba hakuwa ameambiwa mapema kuhusu wale vijana wa 1932. Anasema wangetufundisha hilo pamoja na Waraka, katika somo moja, tungelielewa mapema zaidi.

Kinder yenyewe hatukupanda. Magoti yake hayakubali. Ameniagiza niende mimi, nichukue njia ya wale vijana kutoka kijiji cha Hayfield, na nimtumie picha za kila ukuta ninaouvuka.